Jinsi ya Kuchonga Nakshi ya Lamu kwenye Mbuzi ya Nazi

Wanaoanza kuchonga nakshi hapa Lamu huuliza mambo yaleyale: ni mbao gani inayofaa, ni patasi zipi zinazotosha, kwa nini petali za ua huvunjika karibu na kitovu, na ni mafuta gani yanayoweza kupakwa kwenye chombo cha jikoni bila kuharibu chakula. Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kukuongoza hatua kwa hatua katika kazi moja, yaani kunakshi mbuzi ya kukunia nazi. Nimeichagua mbuzi kwa sababu ni chombo kinachotumika kila siku, ubao wake ni mnene wa kutosha kustahimili makosa madogo, na ni mahali pazuri pa kujifunza jambo ambalo wengi hulisahau: nakshi ya chombo lazima iheshimu kazi ya chombo. Mbuzi iliyopambwa vizuri lakini haikaliki, au inayoficha mabaki ya nazi ndani ya michoro yake, imeharibiwa.

Mlango wa mbele wa nyumba hauguswi sana isipokuwa kwenye komeo na pete, ndiyo maana mafundi wa milango huweza kuchimba nakshi kwa kina kirefu kwenye miimo na kwenye mfaa, yaani ubao wa katikati ya mlango. Mbuzi hukaliwa, huoshwa, hukunjwa na kutupwa pembeni mwa jiko. Kwa hiyo nakshi yake iwe ya kina kidogo, yenye kingo zisizochoma, na ikae mahali ambapo tui na machicha hayafiki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta mbuzi mpya isiyopakwa rangi wala vanishi, yenye kikalio cha unene usiopungua milimita 20. Ukiweza kuagiza kwa seremala, mwombe akuachie chuma bila kukipigilia, uchonge kwanza ndipo kifungwe.

Kuhusu mbao, mvule huchongeka vizuri na hustahimili maji, lakini nyuzi zake mara nyingi hupishana, na mara mojamoja huwa na chembe ngumu kama jiwe ndani yake ambazo huvunja makali ya patasi. Vumbi lake pia huwasha pua na macho, basi funika uso unapopiga msasa. Msaji huchongeka kwa ulaini lakini hudumaza makali haraka, kwa hiyo utanoa mara nyingi. Mbambakofi ni mbao nzuri mno na milango mingi ya pwani imechongwa kwayo, ila ni ngumu kwa mkono ambao bado haujazoea. Kwa mazoezi, chukua vipande vya mwembe au mwarobaini, ambavyo hupatikana kwa urahisi na havikugharimu sana ukiviharibu. Usijaribu mkoko. Boriti za mikoko zimebeba dari za nyumba za mawe kwa karne nyingi, lakini ubao wake ni mgumu na hupasuka ovyo chini ya patasi.

Vifaa vyenyewe si vingi:

- patasi bapa mbili, ya milimita 6 na ya milimita 12
- kisu kifupi cha kuchongea chenye ncha kali na makali yaliyonyooka
- nyundo ya mbao, kwa kuwa nyundo ya chuma hupasua mipini ya patasi
- bikari imara isiyolegea, rula ya chuma na penseli ngumu iliyochongwa vizuri
- jiwe la kunolea na kipande cha ngozi cha kusafishia makali
- jiriwa mbili za kubania ubao kwenye meza
- msasa wa namba 120 na 180, brashi kavu na kifutio cha penseli

Bobari, yaani patasi yenye makali ya mviringo, ni kifaa kizuri lakini huihitaji kwa nakshi hii. Ninaona wanaoanza wakinunua seti nzima ya patasi kumi na mbili, kisha wanazitumia mbili tu, nazo ni butu. Ni afadhali ununue patasi mbili na jiwe zuri la kunolea.

Wapi utapata mifano ya nakshi

Mji wa kale wa Lamu, ambao uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni shule ya wazi. Tembea kando ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji huo, kisha uingie vichochoro vya Mkomani, utazame miimo na vizingiti vya juu vya milango. Utaona namna mbalimbali: milango yenye maua na majani yanayopandana kama mtambaazi, na milango ya mtindo wa Kibajuni ambayo nakshi yake imejengwa kwa duara, maua ya bikari na safu za pembetatu. Huu wa pili ndio tutakaoufuata, kwa sababu hauhitaji kipaji cha kuchora kwa mkono. Anayeweza kutumia bikari kwa uangalifu ataupata.

Angalia kwa macho, hesabu petali, pima uwiano, kisha uchore upya kwa bikari yako mwenyewe. Ukitaka kukaribia mlango wa mtu, bisha hodi na uombe ruhusa. Wenyeji wengi hufurahi kueleza habari za nyumba zao. Usibandike karatasi kwenye mlango wa kale na kuisugua kwa penseli au mkaa ili kupata umbo, kwa sababu kusugua huku huharibu kingo zilizokwisha kuchakaa. Milango na miimo iliyonakshiwa kabla ya mwaka 1946 inalindwa na Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, na haipaswi kuondolewa wala kuguswa kiholela. Tena, ukikusudia kuuza bidhaa nyingi zenye nakshi za jamii usiyotoka kwayo, fahamu kwamba Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi, nayo inataka jamii husika ishirikishwe na kuridhia. Anayejifunza kwa ajili ya jiko lake hana haja ya kuogopa jambo hilo, lakini anayefungua duka alijue mapema.

Onyo jingine ni la adabu. Kwenye vizingiti vya milango ya Lamu utaona maandishi ya Kiarabu, yakiwemo majina ya Mwenyezi Mungu na aya za Kurani. Usiyahamishie kwenye mbuzi hata kama unayapenda namna gani. Chombo cha kukaliwa hakibebi maneno hayo, na hakuna mwenyeji atakayekubali kukiweka nyumbani kwake.

Hatua za kazi

1. Ondoa chuma cha kukunia. Kama kimepigiliwa na hakitoki bila kupasua ubao, kiache mahali pake, lakini chomeka meno yake ndani ya kipande kinene cha kumbi la nazi kisha ukifunge kwa kamba. Usifanye kazi yoyote chuma kikiwa wazi, hata kama ni kupiga msasa tu.

2. Safisha ubao kwa msasa wa namba 120, halafu 180, ukifuata urefu wa nyuzi za mbao. Msasa wote upigwe sasa, kabla ya kuchonga. Punje za msasa zinazobaki ndani ya mbao huyamaliza makali ya kisu, kwa hiyo piga brashi kavu hadi vumbi liishe. Ukiusubirisha msasa hadi mwisho utazifanya kingo za nakshi kuwa mviringo, na kazi yako itaonekana kama imetafunwa.

3. Gawa ubao kwa penseli. Theluthi ya mbele, iliyo karibu na chuma, iache tupu kabisa, kwa sababu huko ndiko nazi hurukia, na mafuta yake yakiingia kwenye michoro huvunda. Utaona mbuzi zilizonakshiwa hadi kwenye kikalio chote, na zinapendeza zikitundikwa ukutani, lakini ile ya kutumika ninashauri iwe na ua moja tu katikati ya theluthi ya nyuma, pamoja na mpaka wa pembetatu kwenye kingo mbili ndefu za theluthi hiyo. Pande za nje za ubao wa miguu ziko huru, na ukishazoea unaweza kuzijaza upendavyo.

4. Chora ua. Piga mstari mwembamba unaofuata nyuzi za mbao kupitia mahali ambapo kitovu cha ua kitakaa. Fungua bikari milimita 30, weka ncha kwenye kitovu, uchore duara. Bila kubadilisha upana wa bikari, weka ncha mahali ambapo mstari wako unakata duara, kisha uchore tao linalopita kitovuni na kugusa duara pande zote mbili. Hamishia ncha kwenye sehemu tao lilipogusa duara, urudie, na uendelee hivyo hadi ncha imekaa mara sita kuzunguka duara. Utapata petali sita, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 30 na upana wa karibu milimita 8 katikati.

   Kuanzia kwenye mstari unaofuata nyuzi kuna sababu yake. Petali mbili tu ndizo zitakazolala sambamba na nyuzi, na nne zilizobaki zitazikata kwa digrii 60, ambako kisu hutii mkono. Ukianzia kwenye mstari unaokata nyuzi, petali nne zitakaa kwa digrii 30, na hapo nyuzi hukivuta kisu kitoke nje ya mchoro.

5. Chora mpaka. Piga mistari miwili sambamba yenye nafasi ya milimita 8 kati yake, kwa umbali wa angalau milimita 10 kutoka kwenye ukingo wa ubao. Gawa nafasi hiyo katika vipande vya milimita 8, na katika kila kipande uchore pembetatu ambayo kitako chake kiko kwenye mstari wa nje na kilele chake kwenye mstari wa ndani. Pima urefu wote kwanza. Kama haugawanyiki sawasawa, ongeza au punguza sehemu ndogo katika kila kipande badala ya kuacha pembetatu moja iliyobanwa mwishoni.

6. Noa kisu na patasi. Makali yaliyo tayari hukata nyuzi za mbao kwa kuzivuka na kuacha uso unaong'aa, ilhali makali butu huacha uso wenye vinyweleo. Jaribu kwenye kipande cha mwembe, kwa kukata kuvuka nyuzi. Uso ukiwa na vinyweleo, rudi kwenye jiwe. Usiuguse ubao wa mbuzi kabla ya kufaulu jaribio hilo.

7. Chonga ua zima na pembetatu chache kwenye kipande cha mazoezi. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na makosa mengi ninayoonyeshwa yanatokana na kuirukia mbuzi moja kwa moja.

8. Bana ubao kwenye meza kwa jiriwa mbili, ukiweka vipande vya mbao chini ya jiriwa ili zisiache alama. Usiupakate ubao mapajani. Mkono usioshika kisu uwe daima nyuma ya makali, usiwe mbele yake hata kwa kitambo kidogo.

9. Kata mstari wa katikati wa kila petali. Simamisha kisu wima na uvute kutoka karibu na ncha moja hadi karibu na ncha nyingine, ukikandamiza zaidi katikati ili kina kifike milimita 3, na kupunguza nguvu kuelekea nchani. Acha milimita moja kabla ya kitovu cha ua. Fanya hivi kwa petali zote sita kwanza, ndipo uendelee.

10. Chonga kuta za petali. Laza kisu kwa mshazari wa digrii 40 hivi, weka ncha yake juu ya tao lenyewe, na ukate kushuka kuelekea mstari wa katikati. Anza kwenye ncha ya petali uje hadi katikati yake, halafu geuza ubao uanze kwenye ncha ya pili uje kukutana na mkato wa kwanza. Katika petali zilizolala sambamba na nyuzi, jambo hili ndilo linaloamua kama ua litapona. Ukikata kutoka ncha kuja katikati, nyuzi zikikivuta kisu hukivuta kuelekea sehemu inayotupwa. Ukikata kutoka katikati kwenda nchani, hukivuta nje ya mchoro, na ukuta wa petali jirani huondoka pamoja nacho.

    Ondoa mbao kidogokidogo. Mikato mitatu myepesi ni salama kuliko mmoja wa nguvu, na kina cha mwisho kikipatikana mkato mmoja mrefu wa kusafisha utaacha ukuta laini. Ukihisi mbao inang'oka badala ya kukatika, simama, geuza upande wa kukatia, uendelee. Petali nne zinazokata nyuzi zitakufanya ugeuke mara nyingi, nawe geuka bila kuchoka.

11. Maliza kitovu. Hapa ndipo petali sita zinapokutana, na kuta zilizobaki kati yake ni nyembamba mno. Noa kisu tena kabla ya kukigusa. Fikisha kila petali kitovuni kwa mkato wa juujuu, bila nyundo na bila kukongoa. Kitovu kikibaki na kijisehemu bapa cha milimita mbili hakuna ubaya wowote, na kwa mtu anayeanza ningependa abakishe hivyo.

12. Chonga pembetatu. Simamisha patasi ya milimita 12 wima, kona yake moja ikiwa kwenye kilele cha pembetatu na ukingo wake ukilala juu ya upande mmoja. Ielemeze kidogo kwenye kona ya kilele kisha uigonge kwa nyundo ya mbao, ili kina kiwe milimita 3 kileleni na kipungue hadi kuisha kitakoni. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Halafu, kwa patasi ya milimita 6, kata kutoka kitakoni ukishuka kuelekea kilele, na kipande kitaruka chenyewe. Kisiporuka usikikongoe, rudia mikato miwili ya kwanza, kwa maana mmoja wao haukufika chini. Maliza safu nzima ya mikato ya wima kabla ya kuanza kuondoa vipande, ili mkono ushike mwendo mmoja na pembetatu zifanane.

13. Futa alama za penseli kwa kifutio, si kwa msasa. Piga brashi ndani ya kila petali. Kingo za juu zinazochoma zisugue kwa kipande cha mbao ngumu kilicholainishwa, taratibu, mpaka kiganja kipite juu yake bila kukwaruzwa.

14. Paka mafuta. Tumia mafuta ya kitani mabichi, yasiyotiwa dawa ya kukausha, kwa kitambaa na brashi ndogo. Acha yanywewe kwa nusu saa, kisha ufute yote yaliyobaki juu, hasa ndani ya petali ambamo hujikusanya na kugeuka gundi. Acha siku kadhaa mahali penye upepo kabla ya kupaka tena. Ukitaka kinga zaidi, yeyusha sehemu 1 ya nta ya nyuki katika sehemu 3 za mafuta hayo, kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke juu ya moto moja kwa moja.

    Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani huweza kupata moto vyenyewe vikirundikwa pamoja. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au uviloweke majini kabla ya kuvitupa. Katika mji wenye mapaa ya makuti, onyo hili lisichukuliwe kijuujuu.

Usitumie mafuta ya nazi, kwa sababu hayakauki na baada ya muda hunuka. Usitumie sifa, ni mafuta ya papa, yanafaa kwa jahazi na yanafanya kazi yake vizuri huko, lakini harufu yake haiondoki na itaingia kwenye chakula. Vanishi nayo huacha maganda madogo inapokwaruzwa, na mahali pa maganda hayo si karibu na sinia la nazi.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Ukuta kati ya petali umemeguka.* Tafuta kipande kilichotoka kabla hujapiga brashi, ukirudishe kwa tone la gundi nyeupe ya mbao, ukibane kwa utepe, na ukiache hadi kesho yake. Kisha noa kisu. Kama kipande kimepotea, punguza kimo cha kuta zote za ua kidogo hadi pengo lilingane na kilichobaki.

*Petali ya sita haikutani na ya kwanza.* Bikari imelegea, au ncha yake imeteleza kwenye nyuzi laini. Futa uanze upya, na safari hii toboa tundu dogo kwa ncha ya msumari kwenye kila sehemu bikari itakapokaa. Usijaribu kurekebisha petali ya mwisho kwa jicho, kwa kuwa kosa litaonekana zaidi baada ya kuchongwa.

*Kuta zina vinyweleo.* Makali ni butu, au unakata kinyume cha nyuzi. Ukishanoa na kubadilisha upande na bado vinyweleo vipo, huenda mbao haijakauka.

*Ubao umepinda au umepata ufa baada ya wiki chache.* Mbao iliyopasuliwa na kuuzwa wakati wa masika huwa imejaa maji, na ikiingia kaskazi kavu husinyaa. Ziba ufa mdogo kwa nta. Mara nyingine nunua ubao mapema, uusimamishe ndani ya nyumba mahali penye hewa, mbali na jua, kwa miezi kadhaa kabla ya kuuchonga.

*Kuna weusi kuzunguka chuma.* Chuma chenye unyevu kimekutana na tanini, yaani asidi iliyomo ndani ya mbao yenyewe, hasa kwenye mbao zenye tanini nyingi. Sugua kwa ndimu, suuza, anika kivulini, na weusi utafifia. Baada ya kila matumizi kausha chuma kwa kitambaa badala ya kuiacha mbuzi ikauke yenyewe.

*Nazi imeingia kwenye nakshi.* Tumia mswaki mkuukuu na maji ya uvuguvugu mara tu unapomaliza kukuna, na usiiloweke mbuzi kwenye beseni. Likitokea mara kwa mara, ua lako liko karibu mno na chuma, na kwenye mbuzi inayofuata lisogeze nyuma.